Bomba moja kwa majitaka ya aina mbili: kisa cha mtambo wa Jajmau, Kanpur

Kisa hiki kinahusu mtambo wa kusafisha majitaka uliojengwa Jajmau, eneo la viwanda vya ngozi upande wa mashariki wa jiji la Kanpur, kaskazini mwa India. Jiji na mtambo vimetajwa kwa sababu habari zake ziko wazi katika hukumu za mahakama na taarifa za serikali. Wenye viwanda, wahandisi na wakulima hawatajwi, na chochote kinachoweza kuwatambulisha kimeondolewa.

Nimekiandika nikiwafikiria wanaopanga maeneo ya viwanda huku kwetu. Wazo la viwanda vingi vya ngozi kutumia mtambo mmoja limeshavuka bahari: eneo la Kenanie, Machakos, nchini Kenya, limepangwa hivyohivyo.

Usuli

Kanpur iko ukingo wa kusini wa mto Ganga, katika jimbo la Uttar Pradesh. Sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.7 ndani ya mipaka ya jiji. Waingereza ndio walioigeuza kuwa jiji la viwanda baada ya maasi ya 1857. Jeshi lilihitaji matandiko ya farasi, viatu na mahema, na Kanpur ilikuwa na ngozi, maji na baadaye reli. Viwanda vya pamba na sufu vilifuata, vikavuma kwa karne nzima, kisha vikafa kimoja baada ya kingine. Ngozi ikabaki. Matandiko ya farasi na viatu vya kazi vya Kanpur bado vinauzwa Ulaya hadi leo.

Ili kuelewa kilichoharibika, lazima kwanza kujua ngozi inapitia nini. Ngozi mbichi, kwa Kanpur hasa ya nyati wa kufugwa, hufika ikiwa imejaa chumvi ili isioze. Huloweshwa. Halafu huwekwa kwenye chokaa na sodiamu salfaidi, ambazo huyeyusha nywele. Huoshwa chokaa hiyo, hutiwa asidi, kisha huingizwa kwenye pipa kubwa la mbao linalozunguka, lenye maji na unga wa kromiamu salfeti, dawa ya ngozi yenye metali ya kromiamu. Baada ya saa kadhaa hutoka ikiwa na rangi ya samawati iliyopauka, bado inadondosha maji, na tangu hapo haiozi tena. Kwa kawaida ngozi hunyonya asilimia 60 hadi 70 ya kromiamu. Inayobaki hutoka na maji ya pipa.

Kwa viwango vya India, kilo moja ya ngozi mbichi hula lita 30 hadi 40 za maji mpaka ikamilike. Ngozi ya kilo 25 basi inatoa majitaka ya kati ya lita 750 na 1,000. Msomaji aiweke namba hii akilini, tutaihitaji.

Mfululizo wa matukio

Mwaka 1985 wakili M.C. Mehta alifungua shauri katika Mahakama ya Juu ya India kuhusu uchafuzi wa Ganga. Mahakama ikaanza na viwanda vya ngozi vya Kanpur. Hukumu ya Septemba 22, 1987 ilikuwa kali. Kila kiwanda kiwe na mtambo wake wa awali, yaani machujio na matangi ya kutuliza uchafu kabla maji hayajatoka getini. Viwanda vilivyokaidi au kupuuza wito vikaamriwa kusimamisha kazi kuanzia Oktoba 1 mwaka huohuo. Vilivyofika mahakamani na kuahidi vikapewa miezi sita. Jaji Venkataramiah aliandika kwamba kama vile kiwanda kisichoweza kulipa kima cha chini cha mshahara hakistahili kuendelea, kiwanda cha ngozi kisichoweza kujenga mtambo wa awali hakistahili pia. Jaji mwenzake, Singh, alikiri kwamba watu watapoteza ajira, ila akaweka uhai na afya mbele.

Wakati huohuo serikali kuu ilikuwa imezindua Mpango wa Ganga, mwaka 1986, na Uholanzi ikaja na fedha pamoja na wataalamu kwa ajili ya Kanpur na Mirzapur. Jajmau ikajengewa kwanza mtambo mdogo wa majaribio wa lita milioni 5 kwa siku, kwa majitaka ya nyumbani tu. Ulifanya kazi vizuri. Kisha ukaja mkubwa, ndio hasa wa kisa hiki, ulioanza kazi mwaka 1994. Uwezo wake ni lita milioni 36 kwa siku, na namba hiyo ina mgawanyo ndani yake: milioni 9 za viwanda vya ngozi, milioni 27 za nyumbani. Moja kwa tatu.

Maji yaliyosafishwa hayakurudishwa mtoni. Yalielekezwa kwenye mfereji wa umwagiliaji unaokwenda vijijini mashariki mwa Jajmau, ambako wakulima walikuwa wametumia majitaka ya jiji kwa miongo mingi. Kwa mkulima yale yalikuwa mbolea inayotembea, na alikuwa tayari kuyalipia.

Wakati mtambo unasanifiwa, viwanda vilikuwa kama 175. Soko la nje likapanuka, na hesabu ikapanda hadi kufikia karibu 400. Hakuna aliyeongeza uwezo wa mtambo. Vijijini malalamiko yakaanza miaka ya tisini na hayakukoma: ngozi za watu kuwasha na kutoka vipele, waridi lililokuwa zao la fahari la sehemu hiyo kudhoofika, mboga kunyauka, ng'ombe kuugua. Watafiti waliopima udongo na maji ya ardhini walikuta kromiamu.

Miaka ikapita kwa amri za kufunga na vibali vya kufungua. Tukio moja kubwa lilikuwa kuelekea Kumbh Mela, sikukuu kubwa ya Wahindu, huko Prayagraj, mapema 2019. Prayagraj iko chini ya Kanpur kufuata mkondo, na mamilioni ya waumini walikuwa wanakuja kuoga mtoni. Serikali ya jimbo ikaamuru viwanda vya Jajmau vifungwe kuanzia Desemba 2018 hadi Machi 15, 2019. Machi ilipofika, milango haikufunguka kama ilivyoahidiwa. Baadaye viwanda vikaruhusiwa kufanya kazi nusu, kwa zamu. Baadhi ya wenye viwanda wakaomba viwanja Bantala, eneo la viwanda vya ngozi nje ya Kolkata. Chini ya Namami Gange, programu ya kusafisha Ganga, serikali kuu ikaidhinisha mtambo mpya wa lita milioni 20 kwa siku, wa majitaka ya ngozi peke yake, ukiwa na bomba lake na kitengo cha pamoja cha kurejesha kromiamu.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi leo kuwacheka waliosanifu mtambo wa 1994. Sioni haki katika hilo. Kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri, na ndiyo maana kisa kinafaa kusomwa polepole.

Kwanza, aina ya mtambo. Walichagua reakta, yaani tangi kubwa ambamo majitaka huingia kwa chini na kupanda taratibu kupitia tabaka la tope lenye bakteria wasiohitaji oksijeni. Ni teknolojia iliyokuzwa Uholanzi na Gatze Lettinga na wenzake miaka ya sabini. Mvuto wake mkubwa ni umeme: haina feni wala mabomba ya kupulizia hewa, kwa hiyo inakula umeme kidogo, na juu yake inatoa gesi ya methani inayoweza kuendesha jenereta. Katika jimbo ambalo umeme hukatika saa nyingi kila siku, hoja hiyo ilikuwa nzito.

Pili, kuchanganya. Majitaka ya ngozi yana salfeti nyingi. Katika tangi lisilo na oksijeni, kundi moja la bakteria hugeuza salfeti kuwa salfaidi, na salfaidi ni sumu kwa kundi jingine linalotengeneza methani. Ukiingiza maji ya ngozi matupu, reakta inajiua. Dawa ni kuyapunguza makali kwa majitaka ya nyumbani, na hapo ndipo ule uwiano wa moja kwa tatu ulipotoka. Haikuwa namba ya kubuni. Ilipimwa kwa majaribio, na kwa upande wa kemia hesabu ilikuwa sahihi.

Tatu, kromiamu. Wasanifu walijua fika kwamba bakteria hawali metali. Kromiamu ikifika kwenye mtambo, nyingi itazama kwenye tope na nyingine itapita na maji. Kwa hiyo sharti likawa kwamba ikamatwe humohumo kiwandani, kabla ya kuchanganywa na kitu kingine. Namna ya kuikamata ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Maji ya pipa la kromiamu, ya kijani kibichi iliyokolea, huchujwa na kuwekwa kwenye tangi peke yake. Huongezwa magnesiamu oksidi huku yakikorogwa. Asidi inapungua, na kromiamu inaanza kuganda vipande vidogo vidogo vya kijani kama mtindi unaokatika. Yakiachwa usiku kucha, asubuhi juu kuna maji yaliyotakata na chini kuna tope zito. Tope hilo huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki na kurudi kuwa dawa ya ngozi, tayari kwa pipa la kesho.

Nne, mashamba. Maji yenye mbolea ndani yake ni mali, na kuyatupa mtoni ni hasara mara mbili. Wakulima waliyataka. Mto ungepumzika. Kwenye karatasi, kila mtu alishinda.

Matokeo

Mto ulipata nafuu kidogo kutoka Jajmau, hilo tulikubali. Maji ambayo zamani yalitiririka moja kwa moja Ganga sasa sehemu yake ilipita mtamboni. Urejeshaji wa kromiamu nao ulifanikiwa katika viwanda vikubwa, na ulifanikiwa kwa sababu ya kibiashara: unga wa kromiamu unanunuliwa kwa fedha, na kila kilo inayorudi ni kilo isiyonunuliwa.

Viwanda vidogo vilikuwa na hadithi nyingine. Kiwanda kinachotia ngozi chache kwa siku hakina maji ya kromiamu ya kutosha kufidia gharama ya matangi. Mara nyingi hakina hata nafasi ya kuyaweka, na mifereji ya ndani ilishajengwa zamani ikichanganya kila kitu: maji ya kulowesha, ya chokaa, ya kromiamu, yote yakikutana kwenye shimo moja karibu na geti. Ili kutenganisha, ungebomoa sakafu. Kromiamu ikaendelea kufika mtamboni, na tope ambalo lilitarajiwa kuwa mbolea likageuka taka hatari isiyo na mnunuzi wala mahali pa kuitupa.

Kuhusu umeme, kejeli ni chungu. Reakta kweli haikuhitaji umeme mwingi, ila maji hayakuwa yanajipeleka yenyewe. Majitaka ya viwandani yalisukumwa na vituo vya pampu, na majitaka ya nyumbani vilevile. Umeme ukikatika, pampu zinanyamaza, lakini viwanda vyenye jenereta zao haviachi kuzungusha mapipa. Maji yanapanda kwenye mashimo, yanafurika, yanatafuta mteremko, na Jajmau mteremko wote unaelekea mtoni. Pampu zenyewe zilisumbuliwa na nywele, chokaa iliyoganda na mabaki ya nyama yaliyopaswa kubaki kwenye machujio ya kiwandani.

Na uwiano? Turudi kwenye hesabu yetu ya mwanzo. Lita milioni 9 zinatosha kati ya ngozi 9,000 na 12,000 za kilo 25 kwa siku, basi. Viwanda vilipozidi maradufu, majitaka ya ngozi yalipita kiwango hicho kwa mbali. Ziada ilichagua moja ya njia mbili, mfereji wa kwenda mtoni au mtambo uliolemewa, na ikienda mtamboni ilivunja ule uwiano uliokuwa roho ya usanifu mzima.

Uchambuzi

Wengi wakieleza Jajmau husema tatizo ni usimamizi mbovu na rushwa, wakaishia hapo. Siwezi kukana kwamba usimamizi ulilegea. Lakini ukisimama hapo hujifunzi kitu, maana kila mradi uliokufa unaweza kuelezwa hivyo. Nadhani kosa la msingi liko mapema zaidi, kwenye uamuzi wa kuchanganya.

Kuchanganya kuliufanya mtambo utegemee mambo matatu ambayo msanifu hakuwa na mamlaka juu yake. Idadi ya viwanda ilikuwa mikononi mwa wanaotoa vibali. Wingi wa majitaka ya nyumbani ulitegemea mabomba ya jiji na umeme wa jimbo. Na kiasi cha kromiamu kilitegemea nidhamu ya mamia ya wenye viwanda, kila mmoja nyuma ya ukuta wake. Moja likiyumba, mtambo wote unayumba.

Kuna jambo jingine ambalo kuchanganya kulilifanya, nalo halionekani kwenye michoro. Maji yakishachanganyika hayana mwenyewe. Ukipima kromiamu kwenye mfereji wa umwagiliaji ukakuta imezidi kikomo cha India cha miligramu 2 kwa lita, nani kaitia? Wenye viwanda walisema mtambo wa serikali haufanyi kazi. Waendeshaji wa mtambo walisema viwanda vinaleta kisichoruhusiwa. Kila upande ulikuwa unasema kweli. Mkulima, ambaye hakualikwa kwenye kikao chochote cha usanifu, ndiye aliyekuwa na ushahidi, tena kwenye mikono na miguu yake.

Hapa ndipo uamuzi wa mashamba unapohitaji kutazamwa kwa jicho kali. Majitaka ya nyumbani na majitaka ya kromiamu si kitu kimoja kwa mmea. Ya kwanza yalikuwa yamewalisha kwa miongo, na imani ya wakulima ilijengwa juu ya hayo. Walipoletewa ya pili kupitia mfereji uleule, walipewa bidhaa nyingine kwa jina la zamani. Mradi uliopimwa kwa hali ya mto ungeweza kuandika kwamba umefaulu, wakati uchafu ulikuwa umehamishiwa shambani.

Amri ya mahakama ya 1987 ilifanya nini basi? Naona ilifanya zaidi ya inavyosifiwa. Bila tishio la kufungiwa, hakuna kiwanda kingejenga hata chujio. Ila mtambo wa awali ni kitu unachoweza kukijenga ukakionyesha kwa mkaguzi bila kukitumia. Kulihitajika kipimo cha kinachotoka getini, siku baada ya siku, na mahakama haina mtu wa kusimama getini.

Kufunga kwa msimu, kama kwa Kumbh Mela, ndiko ninakokuona dhaifu kuliko yote. Maji yalipona kwa wiki zile, ndiyo, na waumini walistahili maji safi. Lakini aliyewekeza kwenye kurejesha kromiamu alifungiwa sawasawa na aliyemwaga usiku. Ukiwa mwenye kiwanda unayeona hivyo, utaweka fedha tena kwenye matangi, au utazitunza kwa ajili ya kuhama? Na vibarua wa mapipa, wengi wao wakiwa Waislamu na Wadalit (watu wa tabaka la chini kabisa katika jadi ya Kihindu) wanaolipwa kwa siku, hawakuwa na Bantala ya kukimbilia.

Mara nyingi hupendekezwa kwamba mtambo ukabidhiwe wenye viwanda wenyewe. Kusini mwa India, Tamil Nadu, ndivyo ilivyo: kampuni za pamoja za wenye viwanda humiliki na kuendesha mitambo, na baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1996 kuhusu viwanda vya ngozi vya Vellore, mchafuzi hulipa. Kwa jumla matokeo yao ni bora kuliko ya Jajmau, na wamefika mbali katika kurejesha maji na chumvi. Hata hivyo ni Ranipet, hukohuko Tamil Nadu, ambako mwishoni mwa Januari 2015 ukuta wa tangi la tope la mtambo wa pamoja ulibomoka usiku na kuua wafanyakazi 10 waliokuwa wamelala kiwandani jirani. Umiliki unajibu swali la nani analipa umeme. Haujibu swali la tope linakwenda wapi.

Mtambo mpya wa lita milioni 20 unarekebisha kosa la kuchanganya, na hilo ni kubwa: bomba la ngozi ni la ngozi, kwa hiyo kinachoingia kinaweza kupimwa na kudaiwa mtu. Kitengo cha pamoja cha kromiamu nacho kinavipa viwanda vidogo njia ambayo havikuwa nayo. Sharti lake ni vile viwanda vibomoe sakafu na kutenganisha mifereji ya ndani, kazi ambayo fedha za mradi mkubwa mara chache huigusa kwa sababu haizinduliwi na mtu yeyote kwa kukata utepe.

Nimeacha chumvi mpaka mwisho kwa kuwa hata kwenye kisa chenyewe iliachwa. Reakta haiiondoi, kurejesha kromiamu hakuiondoi, na shamba linalomwagiliwa maji ya chumvi miaka mingi huchoka hata kama kromiamu imekwisha kabisa. Kuiondoa ikishayeyuka kunahitaji utando maalumu, mivuke na umeme mwingi wa gharama. Lakini inapofika kiwandani haijayeyuka. Iko kwenye ngozi, chenga nyeupe zinazoonekana kwa macho, na vibarua wawili wakiikung'uta ngozi juu ya fremu ya mbao kabla haijaloweshwa, sehemu yake kubwa huanguka chini na kuzolewa kwa koleo. Kila kiwanda kingeweza kuanza hivyo siku mahakama ilipotoa amri yake.